Majivu, Mawese na Povu la Kinyozi

Maji ya Ziwa Tanganyika hayapatani na sabuni. Vinyozi wa Bujumbura tunalijua hilo mikononi, hata wale ambao hawajawahi kulitamka. Regideso, shirika letu la maji, huchota ziwani sehemu kubwa ya maji ya mji huu, na ziwa letu limejaa magnesiamu, tena lina ukali wa magadi unaokaribia 9 kwa kipimo cha pH. Sugua mche wa kawaida wa sabuni ndani ya maji hayo uone: sehemu ya kwanza huliwa na magnesiamu kabla povu halijainuka, na ukingoni mwa beseni hubaki utando wa kijivu. Anayefua nguo huongeza sabuni, yakaisha. Anayenyoa ndevu hana njia hiyo, kwa maana povu likifa shavuni kabla wembe haujafika kidevuni, ngozi ya mtu ndiyo inayolipa.

Mzee wangu alinyoa watu mtaani Buyenzi tangu enzi za Wabelgiji. Alinirithisha kiti, mkanda wa kunolea, kipande cha shabu cha kufungia damu, na desturi ya kukinga maji ya mvua kwenye pipa chini ya bati. Maji yale yalikuwa ya kunyolea tu. Mtu akitaka kutawadha, alionyeshwa bomba. Wateja wengine walidhani ni ushirikina wa mzee, lakini maji ya mvua hayana magnesiamu, na kikombe kile kile cha sabuni kilimtolea povu maradufu.

Nimeishi na kikombe hicho muda mrefu kiasi cha kuwa na neno la kusema juu ya sabuni, nalo ni hili: sabuni ambayo ndevu zetu zilikuwa zinaihitaji ilipikwa kwenye uwanda wa Imbo, kandokando ya ziwa, kabla ya mche wa dukani kufika. Tuliiacha kwa sababu ilikuwa laini, nyeusi, na ilionekana ya kishamba. Sasa kuna mama mmoja huko Kanyosha anayeipika tena, naye hupika kwa ajili ya vinyozi. Miezi hii nimekuwa nikizijaribu sabuni zake kwenye nyuso za watu, pamoja na uso wangu, na kila kopo linanirudisha kwenye historia ambayo haijaandikwa popote ninapopajua.

Tuanze na sufuria. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kitu kikali cha jamii ya magadi. Kikiwa sodiamu, sabuni hukauka ikawa ngumu, ukaikata kwa waya, ukaipanga katoni na kuisafirisha mbali. Kikiwa potasiamu, hubaki laini, huyeyuka upesi, na povu lake hushika maji mengi lisikauke haraka. Ndiyo maana sabuni nzuri ya kunyolea, ya Ulaya au ya kwingineko, huwa na potasiamu nyingi, na sodiamu kidogo ya kuipa umbo.

Mafuta nayo yana tabia zake. Ya mise, yaani ya kokwa la chikichi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki kama ilivyo kwa nazi. Povu lake hutoka kwa haraka, lina viputo vikubwa, na huondoka kama lilivyokuja. Mawese mekundu, yanayotoka kwenye nyama ya tunda, yana asidi ya palmitiki zaidi ya asilimia 40. Shahamu ya ng'ombe ina palmitiki na juu yake steariki nyingi. Hizi mbili huchelewa kuamka, lakini zikiamka hutoa povu zito, lenye viputo vidogo visivyoonekana, linaloweza kumsubiri kinyozi anapobadilisha upande wa shavu. Potasiamu, palmitiki na steariki: hayo matatu ndiyo roho ya sabuni ya ndevu.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Rumonge. Hakusoma kemia, ila hayo alikuwa nayo uani. Alikausha maganda ya ndizi na vigogo vya migomba, akavichoma mpaka majivu yakawa meupe, akayapakia kwenye chungu chenye matundu yaliyozibwa kwa nyasi, kisha akamimina maji polepole. Chini yalidondoka maji ya kahawia, yenye kuteleza vidoleni. Alitumbukiza yai: likizama, maji yalirudishwa kupita tena kwenye majivu, likielea na kuonyesha utosi mdogo, yalikuwa tayari. Baadaye yalichemshwa na mawese hadi wekundu ukafa na kitu cheusi kikaanza kuvutana kwenye mwiko.

Kuna jambo katika upishi huo ambalo wenye viwanda wangelidharau. Majivu ya ndizi hutoa potasi ya kaboneti, ambayo ni dhaifu na haiwezi kuyavunja mafuta safi kwa urahisi. Lakini mawese ya kukamuliwa nyumbani, kwa matunda yaliyoachwa siku kadhaa yalainike, huwa yameanza kuchacha, na sehemu yake imegeuka kuwa asidi huru. Sokoni hiyo ni kasoro inayoshusha bei. Kwenye chungu cha bibi ilikuwa heri, maana asidi huru hushikana na kaboneti kwa kuchemshwa tu. Mafuta duni na majivu dhaifu vilifaana. Waghana wana alata samina, Wayoruba wana ose dudu, na zote mbili zimetokana na ndoa hiyo hiyo ya mawese na majivu. Watu walioishi mbali hivyo wameifikia kazi ile ile kwa sababu mchikichi na mgomba vilikuwa karibu na mlango.

Michikichi ya pwani hii ya ziwa si mgeni wa juzi. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliikuta, na mafuta yake yalikuwa biashara. Kutoka Ujiji hadi Nyanza-Lac na Rumonge ni ukanda mmoja wa joto, wenye tunda moja, na kwa watu wa mitumbwi ulikuwa pia soko moja. Katika njia hizo ulipita Uislamu na Kiswahili, na pamoja navyo ukaja unyozi kama kazi ya mtu maalumu: wembe wa kukunja, mkanda, shabu, kupunguza masharubu, kusawazisha ndevu bila kuziondoa, na kichwa cha mtoto kinachonyolewa siku ya saba, nywele zikapimwa na uzito wake ukatolewa sadaka kwa fedha. Warundi wa milimani walikuwa na kunyoa kwao, hasa kunyoa kwa msiba, na kwao wembe ulikuwa mikononi mwa ndugu. Mtu wa kulipwa kwa kukunyoa alitokea mjini, na mji wenyewe ulikuwa mchanga. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, mwishoni mwa miaka ya 1890, wakaleta askari wanaosema Kiswahili. Wabelgiji wakakitwaa mwaka 1916. Waswahili wakaja kupangwa Buyenzi, kwenye avenyu zenye namba badala ya majina, ambako mpaka leo mafundi magari, wachinjaji na sisi vinyozi tunabanana ukuta kwa ukuta.

Sasa mche wa sabuni. Mwaka 1884 William Lever wa Uingereza alianzisha Sunlight, sabuni iliyokatwa, ikafungwa kwa karatasi na kuuzwa kwa jina lake. Sabuni hiyo ilihitaji mafuta ya mimea kwa meli nzima nzima, na mwaka 1911 Lever akatia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya mamia ya maelfu ya hekta za michikichi ya Kongo. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge, na makao yake kule Kwilu yakaitwa Leverville. Mwaka uliofuata mfalme Albert alikabidhiwa mche wa sabuni iliyotokana na mawese ya Kongo, ndani ya kisanduku cha pembe za ndovu. Waliopanda michikichi kukata vishada vile wengi walishurutishwa. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal ameyafukua hayo kwa nyaraka za serikali yenyewe, na mtu akiisoma kazi yake hawezi tena kuutazama mche wa sabuni kwa macho mepesi.

Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Upande wa mashariki, reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, na kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walikuwa na bandari zao maalumu Dar es Salaam na Kigoma. Hivyo Usumbura ikawa inalishwa bidhaa kutoka pande zote mbili, shehena ya mwisho ikivuka ziwa kwa meli. Mche wa sodiamu ndio uliozaliwa kwa safari kama hiyo. Hauvuji wala hauozi, nao huhesabika. Sabuni ya bibi ilihitaji jani la mgomba kuifungia, na kwenye joto la Imbo ilitoka jasho. Shule, zahanati na misheni zikafundisha usafi kwa mche mkononi. Mimi naamini hapo ndipo sabuni ya majivu iliposhindwa: ilikosa heshima tu, maana kwenye ngozi haikuwa imeshindwa. Binti aliyeolewa mjini hakutaka kuonekana anakamua majivu.

Kinyozi naye alifanya nini? Mche wa kufulia haumfai. Sodiamu tupu katika maji ya ziwa hutoa povu kavu, na wembe ukipita juu yake unausikia: unakwaruza. Naomba nikae kidogo kwenye sauti hiyo, kwa sababu ndiyo kipimo cha kazi yetu. Povu likiwa na maji ya kutosha, wembe hukata ndevu kwa mlio mdogo, mkavu, wa nywele peke yake. Povu likikauka, unasikia ngozi. Mzee wangu alinyoa akiwa ameinamisha sikio, na mazungumzo yalisimama kila alipofika kooni.

Kwa hiyo vinyozi wa wakati wake walinunua sabuni za kunyolea za Ulaya, vijiti vilivyofungwa kwa karatasi ya fedha, kwenye maduka ya Wagiriki na Waasia mjini. Zilikuwa ghali. Mzee alikikata kijiti, akakikandamiza ndani ya kikombe cha bati, akawa anakizungusha kwa brashi, na kopo la sabuni hiyo lilifungiwa kwenye sanduku pamoja na pesa. Mwaka 1957 mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi ili biashara ya nchi isibaki mikononi mwa wageni, na Buyenzi ilimuunga mkono kwa moyo wote, kama ilivyokiunga baadaye chama chake cha UPRONA. Mzee aliulizia huko vijiti vya sabuni kwa bei nafuu. Hata yeye, aliyeoa binti wa mpika sabuni, hakuwaza kutafuta Rumonge. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru, na mzee alipomtaja kitini pake aliweka wembe chini kwanza.

Miaka iliyofuata iliupunguza wembe wenyewe. Gillette alikuwa ameanza kuuza nyembe zake za usalama mwaka 1903, na taratibu wanaume wakajifunza kunyoa nyumbani. Halafu, katika miaka ya 1980, ukaja UKIMWI, na kampeni za afya zikasema, kwa haki kabisa, watu wasishirikiane nyembe. Mashine ya umeme ikachukua kiti. Leo kijana akikaa kwa kinyozi wa Bwiza au Buyenzi husikia mlio wa mashine, hupakwa spiriti, akaondoka. Mashine ina faida moja kubwa kwa ndevu zetu: haikati chini ya ngozi. Nywele iliyojikunja ikikatwa chini mno huchongoka, ikarudi ndani, ikazaa vipele vya shingoni ambavyo vijana wengi wanateseka navyo. Lakini mashine inataka umeme, na Bujumbura umeme hukatika. Na kuna wateja ambao uso wao hautulii mpaka upitiwe na wembe. Hao ndio walionibakia. Kila mmoja hufunguliwa wembe mpya, ukavunjwa nusu na kutiwa kwenye mshikio mbele ya macho yake.

Wembe mpya ni rahisi kupata kuliko sabuni yake. Nakumbuka vikwazo walivyotuwekea majirani baada ya mapinduzi ya Julai 1996, vilivyoondolewa mwanzoni mwa 1999. Kostiki, ile sodiamu kali ya kupikia sabuni, iliadimika, na mche wa sabuni ukapanda bei hadi watu wakaukata vipande vya kidole. Wakati huo mama mdogo alichimbua chungu cha marehemu bibi akapika tena sabuni ya majivu kwa ajili ya kufulia nguo za watoto. Nilichukua kidogo nikakitia kikombeni. Povu halikupanda juu, lakini lilikuwa na maji, na wembe ulinyamaza. Vikwazo vikaisha, mche ukarudi, chungu kikarudi stoo.

Miaka hii shida imekuja kwa sura nyingine: dola hazipatikani, mafuta ya magari ni foleni, na kila kinachotoka nje kinafika kwa kuchelewa. Kiwanda cha Savonor kinatengeneza sabuni hapa hapa mjini, na ni sabuni ya kuheshimiwa kwa kufulia na kuogea, ila kazi yake si ndevu. Pengo hilo ndilo alilolitazama mama wa Kanyosha. Mumewe ana vipele vya shingoni. Alianza na sufuria moja, mawese yakipandishwa kutoka Rumonge kwa barabara ya kandokando ya ziwa, majivu akiyapata kwa wapika pombe ya ndizi ambao maganda kwao ni taka. Kwa Mrundi sabuni si uwanja wa kuona haya: Gérard Niyondiko, mwenzetu aliyekuwa anasoma Ouagadougou, alishinda na mwenzake Moctar Dembélé tuzo ya kimataifa mwaka 2013 kwa wazo la sabuni ya kufukuza mbu.

Aliniletea makopo matatu. "Mzee," aliniambia, "usinisitiri. Niambie kama unavyomwambia mwanafunzi wako."

La kwanza lilikuwa zuri kwa macho. Mawese na mise nyingi, kwa kostiki ya dukani, na harufu ya mchaichai. Povu lilijaa kikombe mara moja, mteja akafurahi, na nilipomaliza shavu la kulia, la kushoto lilikuwa limekauka. Hiyo ndiyo mise. Wanaotengeneza sabuni kwa mara ya kwanza huipenda kwa sababu povu lake linaonekana, na mnunuzi dukani huona povu kabla ya kuona ngozi yake.

La pili ni majivu matupu na mawese, kama ya bibi. Rangi ya chokoleti, laini, ina harufu ya moshi ambayo wazee waliipenda na vijana waliikunjia pua. Kwa maji ya mvua ilinyoa vizuri kuliko kijiti chochote cha zamani ninachokikumbuka: mlio mkavu wa nywele, ngozi kimya. Lakini kooni iliwasha. Majivu hayafanani, ya vigogo si kama ya maganda, na chungu kimoja kikiwa kikali kupita mafuta yake, shingo ndiyo inayokwambia. Nilimrudishia nusu ya kopo nikamwambia aiache ikae kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Maji ya majivu aliyatia chokaa kwanza, chokaa ikaivuta kaboneti chini, na potasi iliyobaki ikawa kali ya kutosha kuvunja mafuta yote. Akaongeza kostiki kidogo ya kuipa sabuni mwili. Mafuta ni mawese, mise chache, na shahamu ya ng'ombe anayoinunua kwa wachinjaji wa Buyenzi. Swali la kwanza la wateja wangu lilikuwa hilo la shahamu, na niliweza kuwajibu bila kusita kwamba ni ya ng'ombe aliyechinjwa kwa halali. Povu lake huchelewa. Lazima brashi izunguke, maji yaongezwe matone kwa matone, na kinyozi mwenye pupa ataishia kuilaumu. Likishakusanyika halianguki. Kwa maji ya bomba hula sabuni zaidi, lakini hata hapo linadumu mpaka kidevu kinaisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika maji ya ziwa. Kijana mmoja wa vipele, ninayemnyoa kwa kufuata mwelekeo wa ndevu tu na pasi moja, shingo yake imetulia tangu aanze kutumia kopo hilo.

"Mwanangu," nilimwambia yule mama, "punguza mise tena, ongeza shahamu, na mchaichai usiutie kwenye makopo ya wenye vipele." Aliandika kwenye daftari la shule, pamoja na tarehe ya kila chungu na majivu yalikotoka. Daftari hilo ndilo tofauti yake na bibi yangu, ambaye kipimo chake kilikuwa yai na vidole, na ambaye hakumwachia mtu hesabu.

Vinyozi wa avenyu za jirani wameanza kuchukua kwake, wakilipa mwisho wa juma. Mmoja wao ni mtu wa kunyoa watoto wa siku ya saba, na ameomba sabuni isiyo na kostiki wala harufu kwa ajili ya vichwa vile vichanga. Mama amekubali kumpikia ya majivu ya maganda peke yake, yaliyopitishwa kwenye chokaa, mafuta yakizidishwa kidogo, halafu aifunike na kuiacha ikomae. Mpaka mimi nimeipitisha shingoni mwangu bila kuwashwa, haitamfikia mtoto.